Jengo lako liishie wapi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu urefu wa majengo

Maswali yaliyo hapa huulizwa na wenye viwanja kabla ya kuchora ramani, na majirani baada ya kuona nguzo zinazidi kupanda. Kila mji una namba zake, na namba ya mji wako utaipata kwenye ofisi ya mipango miji. Lakini namba peke yake haikusaidii. Ukiambiwa "mita 15" bado hujaambiwa ni mita 15 kutoka wapi, hadi wapi, wala kwa sheria ipi, na hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha.

Ni nani hasa anayeamua jengo langu lisizidi urefu gani?

Si mmoja. Kwanza kuna sheria ya mipango miji, ile inayogawa mji katika kanda: hapa makazi, pale biashara, kule viwanda. Kila ukanda umepewa urefu wake. Hofu kuu ya sheria hii ni yaliyo nje ya jengo: mwanga wa jirani, upana wa barabara, wingi wa watu na magari, sura ya mtaa.

Pili kuna kanuni za ujenzi. Hizi hazijali uko mtaa gani. Zinauliza jengo limejengwa kwa vifaa gani, linatumika kwa kazi gani, na moto ukiwaka waliomo watatokaje.

Tatu kuna wale ambao hukumbukwa ramani ikishakamilika: mamlaka ya usafiri wa anga kama uko karibu na uwanja wa ndege, wahifadhi wa majengo ya kale kama uko kwenye eneo lao, na wakati mwingine masharti yaliyoandikwa kwenye hati yenyewe ya kiwanja.

Vipimo vya hawa wote havijumlishwi wala havitafutiwi wastani. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachoshika. Tuseme ukanda wako unaruhusu mita 30, njia ya ndege inaruhusu 24, na kanuni za ujenzi zinaruhusu 18 kwa aina ya ujenzi uliyochagua. Mwisho wako ni 18. Ila angalia vizuri: hiyo 18 unaweza kuisogeza kwa kubadilisha vifaa au kuweka mfumo wa kuzima moto, wakati ile 24 huwezi kuigusa kwa fedha yoyote. Kwa hiyo usiulize tu kikomo ni ngapi. Uliza kimewekwa na nani, na kwa sababu gani.

Mita zinaanza kuhesabiwa kutoka wapi?

Swali hili ndilo lenye kesi nyingi kuliko yote, na linastahili subira.

Kwenye kiwanja tambarare hakuna tatizo. Kwenye mteremko, sheria huchagua njia moja kati ya kadhaa. Kuna miji inayopima kutoka usawa wa barabara mbele ya kiwanja. Kuna inayopima kutoka sehemu ya chini kabisa ambapo ukuta unagusa ardhi. Na kuna inayochukua wastani wa usawa wa ardhi kuzunguka jengo, njia iliyoenea sana.

Chukua kiwanja ambacho pembe zake mbili za juu ziko kwenye usawa wa mita 100 na mbili za chini kwenye mita 96. Wastani ni 98. Kikomo kikiwa mita 12, paa linaweza kufika 110. Aliye upande wa juu ataona jengo la mita 10. Aliye bondeni ataona la mita 14. Huyu wa bondeni atalalamika kwamba umevunja sheria, nawe hujavunja. Lakini mji ungekuwa unapima kutoka sehemu ya chini kabisa, jengo lilelile lingekuwa limezidi kwa mita 2 nzima.

Kuna jambo jingine: ardhi ipi? Ile iliyokuwepo kabla ya ujenzi, au ile utakayoitengeneza? Mtu anaweza kuleta kifusi, akanyanyua kiwanja mita 1.5, kisha akaanza kupima kutoka juu ya kifusi. Sheria nyingi zimeziba mwanya huu kwa kusema ardhi asilia, au ardhi ilivyokuwa siku ya kuomba kibali. Ndiyo maana mpima ardhi anatakiwa afike kabla ya trekta. Kiwanja kikishasawazishwa bila kupimwa, huna tena ushahidi wa mahali ulipoanzia.

Na kuna sehemu ambazo hazipimi kutoka ardhini hata kidogo, bali kutoka usawa wa bahari. Vikomo vya viwanja vya ndege viko hivyo. Mji wa Montreal nchini Kanada nao umeweka mstari wa mita 232.5 juu ya usawa wa bahari ili jengo lolote lisipite kilele cha mlima Mount Royal ulio katikati ya mji. Hapo mwenye kiwanja cha bondeni anapata jengo refu zaidi kuliko mwenye kiwanja cha mlimani, ingawa wote wameishia kwenye mstari mmoja.

Na zinaishia wapi? Juu ya paa?

Inategemea paa. La bapa hupimwa mara nyingi hadi uso wa paa lenyewe. Kwingine hadi juu ya ukuta wa ukingo. La mgongo hupimwa hadi kileleni, au hadi katikati kati ya ukingo wa chini na kilele. Kanuni ya Kimataifa ya Majengo, inayotumika sana Marekani, inafuata njia hiyo ya katikati: kutoka wastani wa ardhi hadi wastani wa urefu wa paa la juu kabisa.

Tangi la maji, chumba cha mashine ya lifti, bomba la moshi, antena na paneli za sola mara nyingi huachwa nje ya hesabu, lakini kwa masharti: visichukue zaidi ya sehemu fulani ya paa, visizidi mita kadhaa, virudi nyuma kutoka ukingoni. Kinachoharibu msamaha huu ni kuta. Ukitandaza paa juu ya ngazi, ukazungushia ukuta na kuweka choo, mkaguzi haoni tena mahali pa ngazi, anaona ghorofa.

Mbona wengine wanasema ghorofa na wengine wanasema mita?

Kwa sababu vyote viwili vimo kwenye sheria, na mara nyingi ni lazima utimize vyote. "Ghorofa 4, isizidi mita 14" maana yake huwezi kujenga ghorofa 5 fupifupi ndani ya mita 14, wala ghorofa 4 ndefu zinazofika mita 16.

Lugha yetu nayo ina mtego wake hapa. Tunaposema "nyumba ya ghorofa moja" wengi wetu tuna maana ya chini na moja juu yake. Fomu ya kibali inaweza kuhesabu hiyo hiyo kuwa sakafu mbili. Mtu aliyeambiwa anaruhusiwa "sakafu nne" akamwambia fundi "ghorofa nne" amejiongezea sakafu ya tano bila kujua. Andika kwenye ramani: chini, jumlisha tatu. Hakuna atakayekosea.

Chumba cha chini ya ardhi hakihesabiwi kama kimezama vya kutosha. Kikichomoza kupita kipimo kilichowekwa, kinageuka kuwa sakafu. Mezanini, ile sakafu ya nusu inayowekwa ndani ya chumba kirefu, haihesabiwi kama ni ndogo vya kutosha; wengi huweka mpaka kwenye theluthi moja ya chumba ilimo. Chumba cha darini huhesabiwa kikiwa na kimo cha kutosha mtu kuishi humo.

Nimeruhusiwa mita 15. Zinatoa sakafu ngapi?

Watu hugawa 15 kwa 3 na kupata 5. Kwenye karatasi ni sawa, kwenye zege si sawa.

Mita 3 ni kutoka sakafu hadi sakafu, na humo ndani kuna unene wa zege, boriti, na nafasi ya mabomba na nyaya. Kama sakafu ya chini ni ya maduka, utataka angalau mita 4. Zilizo juu ukizipa mita 3.2 kila moja, tatu zinachukua 9.6, jumla 13.6. Zimebaki mita 1.4 za ukuta wa ukingo na mteremko wa paa. Jibu ni sakafu 4, si 5. Ya tano unaweza kuipata kwa kubana kila kitu, na wapangaji wataishi chini ya dari iliyowakalia kichwani, bila hewa, kwa miaka yote ya uhai wa jengo. Mimi nisingeijenga.

Jirani yangu yuko ukanda uleule na ameenda juu kuliko mimi. Kwa nini?

Kabla ya kushuku rushwa, angalia uwiano wa sakafu kwa kiwanja. Miji mingi haikomei kwenye kikomo cha urefu. Inaweka pia kikomo cha jumla ya sakafu zote zikilinganishwa na ukubwa wa kiwanja. Kiwanja cha mita za mraba 600 chenye uwiano wa 2 kinapata sakafu za jumla ya mita za mraba 1,200, basi. Ukijenga juu ya nusu ya kiwanja, kila sakafu ni mita 300, na unapata sakafu 4. Jirani akijenga robo tu ya kiwanja, kila sakafu ni 150, naye anapata 8. Mmejenga kiasi kilekile. Yeye amekwenda juu na kuacha uwanja, wewe umetandaa chini.

Kama ukanda wenu hauna kikomo cha urefu bali uwiano peke yake, yeye yuko sawa kabisa. Kama vyote vipo, zile 8 zinategemea mita zilizoruhusiwa.

Sababu nyingine ni kuhamisha haki ya kujenga. Baadhi ya miji huruhusu mwenye jengo la kale, ambalo haliruhusiwi kuinuliwa, auze nafasi yake ya juu ambayo haijatumika kwa kiwanja kingine. Kesi maarufu ni ya kituo cha reli cha Grand Central, New York. Wenye kituo walitaka kujenga mnara juu yake, mji ukakataa, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaupa mji haki. Moja ya mambo yaliyozingatiwa ni kwamba wamiliki waliweza kuihamishia haki hiyo ya kujenga kwenye viwanja vyao vya jirani.

Kwa nini majengo mengine yanapanda kama ngazi, juu yakiwa membamba?

Hayo ni matokeo ya sheria ya mteremko wa mwanga. Unavuta mstari wa kuwaziwa kutoka upande wa pili wa barabara ukipanda kwa nyuzi fulani, na jengo haliruhusiwi kuukata. Barabara ikiwa na upana wa mita 12 na mstari ukiwa wa nyuzi 45, ukuta ulio ukingoni mwa barabara unaishia mita 12. Ukiurudisha ukuta wa juu nyuma mita 3, sehemu hiyo inafika mita 15. Ndivyo ngazi inavyozaliwa.

Asili ya umaarufu wake ni New York. Mwaka 1915 lilikamilika jengo la Equitable, sakafu 38 zilizopanda wima kutoka ukingo wa barabara bila kurudi nyuma hata kidogo, na mitaa ya pembeni ikabaki kwenye kivuli. Mwaka uliofuata, 1916, mji ukapitisha sheria yake ya kwanza ya kanda. Haikuweka urefu wa mwisho. Iliweka miteremko, na ikaruhusu mnara usiozidi robo ya kiwanja uende juu kadiri mwenyewe anavyoweza. Mwaka 1961 sheria mpya ikaleta uwiano wa sakafu, pamoja na zawadi ya sakafu za ziada kwa anayeacha uwanja wa wazi kwa umma. Ukitazama picha za mji ule unaweza kukisia jengo ni la kipindi gani kwa umbo lake tu: yanayopanda kwa vidaraja ni ya sheria ya kwanza, mabamba yaliyosimama nyuma ya viwanja vya wazi ni ya pili.

Vikomo hivi vilianza lini? Si mambo ya kisasa haya?

Ni vya kale kuliko lifti. Roma ya Kaizari Augusto iliweka kikomo cha futi 70 za Kirumi, karibu mita 20, kwa sababu nyumba za kupanga zilikuwa zikiporomoka na kuungua. Baadaye Kaizari Trajan akakishusha hadi 60. Angalia sababu zilizotajwa: kuporomoka na moto. Bado ni zilezile.

Paris ilifunga urefu kwa upana wa barabara. Agizo la 1859 liliruhusu ukuta wa mbele wa mita 20 pale tu barabara ilipokuwa na upana wa mita 20 au zaidi. Usawa ule wa paa ambao wageni huusifu kule ulitokana na sheria hiyo.

Kisha ikaja lifti na fremu ya chuma, na kila mji ukashtuka kwa wakati wake. Chicago, mji uliokuwa umeongoza katika minara, uliweka futi 130 mwaka 1893. London iliweka futi 80 mwaka 1894. Washington ilishtushwa na jengo la makazi la Cairo la 1894, lenye futi 164, na bunge likapitisha sheria mwaka 1899. Ile ya 1910, ambayo msingi wake bado unatumika, ilisema urefu ni upana wa barabara jumlisha futi 20, na usizidi futi 130 kwenye mitaa mingi ya biashara. Ndiyo maana mji ule hauna minara hadi leo. Wengi husimulia kwamba ni kwa heshima ya jengo la bunge. Sheria yenyewe inataja upana wa barabara.

Si kila kikomo hudumu. Japani ilikaa na mita 31 kwa takriban nusu karne, kipimo kilichotokana na shaku 100 (shaku ni kipimo cha kizamani cha Kijapani), kwa hofu ya moto na matetemeko. Hesabu za wahandisi zilipoendelea kikaondolewa, na mwaka 1968 jengo la Kasumigaseki likasimama Tokyo kwa mita 147. Kikomo kilichowekwa kwa sababu ya hatari kinaweza kuondoka hatari ikidhibitiwa.

Kwa nini gharama inaruka ghafla nikiongeza sakafu moja tu?

Umevuka mstari wa zimamoto. Mistari hii ipo karibu kila nchi. Ujerumani, jengo huitwa refu sakafu ya juu inayokaliwa ikizidi mita 22, kwa sababu ngazi ya kawaida ya gari lao la zimamoto imeundwa kuokoa watu hadi mita 23, gari likiwa limesimama mita 12 kutoka ukutani. Kanuni ya Kimataifa ya Majengo inaweka mstari kwenye futi 75, yaani karibu mita 23, ukipimwa kutoka mahali pa chini gari la zimamoto linapofika hadi sakafu ya juu inayokaliwa. Zingatia kwamba hapa hawapimi hadi paa. Wanapima hadi pale mtu anaposimama akisubiri kuokolewa. Kwa hiyo jengo moja linaweza kuwa na urefu wa aina mbili kwenye faili moja, na vyote ni sahihi.

Chini ya mstari, mtu anaweza kuokolewa kutoka nje. Juu yake, jengo lazima lijiokoe lenyewe: vinyunyizio vya maji kwenye dari, ngazi zilizozungushiwa kuta zinazohimili moto na kuzuia moshi, pampu na mabomba ya maji ya zimamoto, lifti ya wazimamoto, umeme wa dharura. Sakafu moja inaweza kukuletea vyote hivyo. Piga hesabu mapema, kwa sababu mara nyingi jengo lililo chini kidogo ya mstari lina faida kuliko lililovuka kwa sakafu moja. Ukivuka, vuka kwa nyingi.

Naomba mtu asiyaone haya kuwa urasimu. Mnara wa Grenfell, London, ulikuwa na sakafu 24 na ngazi moja. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulipanda kwa nje kupitia vifaa vya ukutani vinavyoshika moto, na watu 72 wakafa. Baada ya hapo Uingereza ilipiga marufuku vifaa vinavyowaka kwenye kuta za nje za majengo ya makazi yanayozidi mita 18. Namba nyingi kwenye kanuni hizi zina watu nyuma yake.

Mbao zinaruhusiwa hadi wapi?

Fremu ya mbao ya kawaida, sakafu chache tu. Mbao nene zilizogandishwa kwa tabaka ni habari nyingine: toleo la 2021 la Kanuni ya Kimataifa ya Majengo linaruhusu hadi sakafu 18 na futi 270, mradi mbao zote zifunikwe kwa vifaa visivyoungua na jengo liwe na vinyunyizio. Anayetaka mbao zionekane hupunguziwa urefu.

Kiwanja kiko mbali na uwanja wa ndege. Kwa nini nahitaji kibali chao?

Kwa sababu "mbali" ya ndege si mbali yako. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kwa miongo mingi vimetumia uso wa kuwaziwa ulio mita 45 juu ya uwanja, ukienea kilomita 4 pande zote kwa viwanja vikubwa. Ukiwa kwenye mstari wa njia ya kutua mambo ni magumu zaidi: uso unaanza chini karibu na mwisho wa njia na kupanda mita 1 kwa kila mita 50. Kilomita moja kutoka pale uso unapoanzia, una mita 20 tu, nazo zinahesabiwa kutoka usawa wa njia ya ndege, si kutoka kiwanja chako. Kiwanja kikiwa kilimani, unaweza kukuta umebakiwa na mita 8.

Na usisahau kreni. Jengo likiwa limeruhusiwa mita 40, kreni ya kulijenga itafika 55 au zaidi, nayo inahitaji ruhusa yake.

Hong Kong ni shahidi wa nguvu ya sheria hii. Uwanja wa Kai Tak ulikuwa katikati ya mji, na Kowloon yote ilibaki fupi. Ulipofungwa mwaka 1998, vikomo vikalegezwa na minara ikaanza kuota mahali ambapo kwa miaka mingi paa zote zilikuwa usawa mmoja.

Je, mji unaweza kunikataza kwa sababu ya mandhari tu?

Unaweza, ikiwa umeandika hivyo kwenye sheria. London inalinda kuonekana kwa kanisa la Mtakatifu Paulo tangu miaka ya 1930. Paris, baada ya mnara wa Montparnasse kukamilika mwaka 1973 na kuchukiwa na wengi, iliweka mita 37 mwaka 1977. Baadaye ikalegeza, kisha mwaka 2023 ikarudi kwenye 37. Philadelphia haikuwa hata na sheria. Kulikuwa na makubaliano ya mdomo kwamba hakuna jengo litakalopita kofia ya sanamu ya William Penn iliyo juu ya ukumbi wa jiji, mita 167. Yalishikwa hadi 1987, lilipojengwa One Liberty Place, na tangu siku hiyo yakafa. Mandhari mnayoyapenda yaandikeni kwenye sheria. Yasiyoandikwa hayana mwenyewe.

Jirani anajenga na jua linaondoka kwangu. Nina haki gani?

Inategemea nchi yako imetambua haki ya mwanga au la. Uingereza, dirisha lililopata mwanga kwa miaka 20 mfululizo linaweza kuwa na haki ambayo jirani haruhusiwi kuiziba. Msingi wake ni sheria ya 1832. Japani ilikwenda mbali zaidi: tangu 1976 sheria ya ujenzi inahesabu saa ambazo jengo linatupa kivuli kwenye viwanja vya wengine, siku ambayo jua liko chini kabisa mwakani. Nchi nyingi hazina haki hiyo moja kwa moja, na kinga yako ni vikomo vya ukanda peke yake.

Kivuli unaweza kukipima mwenyewe. Jua likiwa nyuzi 45, kivuli ni sawa na urefu wa jengo. Likishuka hadi nyuzi 30, kivuli ni mara 1.7. Jengo la mita 20 basi linatupa kivuli cha mita 34. Nenda na hesabu hiyo kwenye kikao cha kusikiliza maoni. Anayesema "litatuharibia mtaa" husikilizwa kwa adabu. Anayeonyesha kwamba darasa la watoto litakosa jua kuanzia saa tisa alasiri hulazimu wakubwa wajibu. Na nenda mapema, tangazo likiwa bado ukutani. Nguzo za sakafu ya sita zikishamwagwa, mazungumzo ni ya fidia.

Naweza kuomba ruhusa ya kuzidisha kikomo?

Ndiyo, lakini si kwa sababu unayodhani. Bodi nyingi zinataka uonyeshe kwamba kiwanja chenyewe kina shida ya pekee: umbo la ajabu, mteremko mkali, mwamba, mkondo wa maji. "Nitapata kodi kubwa zaidi" si shida ya kiwanja. Ruhusa hizi hutolewa kwa sheria ya mipango. Za moto na uimara ni nadra, na zinahitaji mhandisi aonyeshe usalama uleule kwa njia nyingine.

Nyumba yangu ina sakafu mbili na ukanda sasa unaruhusu nne. Naongeza tu?

Hapana. Ukanda umesema unaruhusiwa. Haujasema msingi wako unaweza. Nyumba iliyohesabiwa kwa sakafu mbili ina msingi, nguzo na nondo za sakafu mbili. Mhandisi achimbe aone msingi, apime zege, apime udongo, ndipo aseme.

Duka kubwa la Sampoong, Seoul, lilibuniwa kwa sakafu nne na kuongezewa ya tano. Lilianguka mwaka 1995 na kuua watu 502. Rana Plaza, Bangladesh, lilikuwa na sakafu za juu zilizoongezwa bila kibali, na ndani yake mashine za viwanda vya nguo. Tarehe 24 Aprili 2013 liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaamriwa warudi kazini.

Nikizidisha kidogo, kitatokea nini?

Kuna tofauti ya milimita ya kazi ya mikono, ambayo wakaguzi hupokea. Zaidi ya hapo, unaweza kupigwa faini, kunyimwa hati ya kuhamia, au kuamriwa kubomoa.

Na usijifiche nyuma ya kibali. New York, mtaa wa East 96th, lilijengwa jengo la sakafu 31 katika miaka ya 1980, kwa kibali halali machoni. Ramani ya kanda aliyoitumia mjenzi ilikuwa na kosa la uchapishaji. Andiko la sheria lenyewe lilikuwa sahihi na liliruhusu sakafu 19. Mahakama ilisema kibali kilichotolewa kwa makosa hakiwezi kushinda sheria. Mwaka 1993 sakafu 12 za juu zikabomolewa, moja baada ya nyingine. Soma andiko, si ramani ya rangi peke yake.

Vikomo hivi havipandishi kodi za nyumba?

Vinaweza. Watu wakiongezeka na sakafu zisiongezeke, bei hupanda. Wachumi wengi wanakubaliana juu ya hilo. Lakini kuna mitaa iliyojaa watu kwa majengo ya sakafu sita tu, Paris ikiwa mfano ulio wazi, na kuna minara mirefu isiyo na watu wengi ndani. Kwa maoni yangu, kikomo kilichowekwa kwa ajili ya moto na udongo kisiguswe kwa hoja ya bei. Kilichowekwa ili mtaa wa matajiri ubaki wa matajiri kijadiliwe hadharani.

Niulize nini kabla ya kumlipa mchoraji?

Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi, lenye tarehe na namba ya kiwanja: kiwanja kiko ukanda gani, urefu wa mwisho kwa mita na kwa sakafu, unapimwa kutoka ardhi ipi hadi sehemu ipi ya paa, uwiano wa sakafu na sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa, umbali wa kurudi nyuma kila upande, kama kuna njia ya ndege, hifadhi au sharti la hati, na kama kuna sheria mpya iliyo mezani. Hili la mwisho ni muhimu, kwa sababu katika sehemu nyingi maombi ambayo hayajaidhinishwa hufuata sheria inayotumika siku ya uamuzi, hata kama uliyawasilisha miezi mingi nyuma.